Lori Lililosimama kwenye Ukungu

Kiprono alinipigia simu siku ya Jumanne, nikiwa shambani kwangu Dundori nikichagua waru, viazi vya mbegu. Hakuzunguka. "Dada Nyambura, Mama ametuacha," akasema, na nikasikia mtu akilia nyuma yake. "Alisema ukuje. Alisema ukae na sisi, usikae na wageni." Siku ya mazishi niliketi mstari wa mbele kati ya Kiprono na mkewe, nimefunga kitenge sawa na chao. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu alimwuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Huyo ni nani?" Mwenzake akajibu, "Si ni yule wa Chebet." Jibu hilo lilimtosha, hakuuliza tena. Mimi halijanitosha kwa miaka zaidi ya thelathini, na ndiyo maana nimeketi kuandika. Habari za kwetu, wazazi wangu na shule niliyosoma nitaziacha, kwa sababu hazina kazi hapa. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, ule niliokaa kwa Mama Chebet juu ya Sachangwan, nikiwa na miaka ishirini na miwili.

Mwaka huo kontrakta mmoja alikuwa anatengeneza kipande cha barabara kuu, pale inapoteremka kutoka nyanda za juu kuelekea Nakuru. Walitaka wasichana wa kushika vibao vya kusimamisha magari, na nikaandikwa. Kibao kilikuwa na pande mbili, nyekundu na kijani, na kazi yenyewe ilikuwa kusimama kwenye baridi kuanzia asubuhi hadi jioni, unageuza kibao, unatukanwa na madereva, unageuza tena. Siku ya kwanza niliwekwa mwisho wa chini, na mwisho wa juu akawekwa msichana mwembamba mwenye sweta ya kijani na gambuti kubwa kuliko miguu yake. Huyo ndiye Chebet. Saa ya chai alinijia akaniuliza nalala wapi. Nikamwambia sijapata mahali. Akanitazama kidogo, kama mtu anayepima kitambaa, akasema, "Kwetu kuna kitanda. Ni cha ndugu yangu Kiprono, na yuko shule ya bodingi. Lakini ujue mama yangu anaamka mapema na anataka kila mtu aamke." Jioni hiyo hiyo nikabeba mfuko wangu.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao za pembeni, zile zenye maganda, nazo zilikuwa zimekauka na kuachana mpaka upepo ukawa na njia zake mwenyewe. Chebet alikuwa amebandika magazeti kwa gundi ya unga, na kila mvua iliponyesha magazeti yaliloa, yakajikunja, naye akayabandika upya bila kulalamika. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vinavyotazamana na dirisha dogo lisilofunguka. Jiko lilikuwa kibanda cha peke yake, cheusi kwa moshi, vibuyu vya mursik, maziwa ya kuganda, vikining'inia ukutani na kuku mmoja aliyekataa kulala kwingine. Pale ndipo tulipoishi hasa. Mama Chebet alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Alikuwa anaongea Kikalenjin na majirani, lakini nikiingia tu anageuza maneno yawe Kiswahili, hata kama yalikuwa katikati ya umbea, ili nisijione niko nje. "Nyambura, kula," alikuwa ananiambia. "Unakula kama mtu anaogopa sahani." Ugali wake ulikuwa mgumu wa kukatwa, na maziwa ya kibuyu yalinishinda wiki ya kwanza kwa ule uchachu na ladha ya mkaa. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa naomba niongezwe, na Chebet anacheka mpaka anakohoa. "Mama, huyu tumeshamharibu. Kwao hawatamtaka tena."

Ninapokumbuka kazi ile sasa, kinachonijia kwanza ni mchezo wetu. Kulikuwa na siku ambazo greda ilikuwa inafanya kazi ng'ambo na sisi wawili tunawekwa pamoja mwisho wa chini kungoja. Kutoka pale barabara ilipanda mbele yetu imenyooka kama uzi, unaona gari likitokea kileleni na kuja kwako moja kwa moja. Chebet alianzisha mchezo wa kuhesabu. Gari likitokea, kila mmoja anataja hesabu: litatufikia nikihesabu ishirini, nikihesabu thelathini. Anayekosea ndiye ataosha sufuria jioni. Kwa magari madogo hatukukosea sana. Malori ndiyo yaliyotuaibisha. Lori linatokea kule juu, linasimama. Nasema linasimama kwa sababu ndivyo lilivyoonekana: limening'inia pale, kubwa, limetulia, wala halina haraka. Unataja arobaini. Unaanza kuhesabu taratibu, lori bado liko palepale, halafu ukifika kumi na tano au kumi na nane linajaza barabara yote, upepo wake unakupiga, vumbi mdomoni. "Haiya!" Chebet anapiga kelele. "Hii ilikuwa imesimama!" Na mimi nakubali, ilikuwa imesimama, tunacheka, na kesho tunakosea tena vilevile. Hatukuwahi kujiuliza kwa nini watu wawili wenye macho mazima, wanaoyatazama malori siku nzima, hawajifunzi. Tuliona ni mchezo tu, na sufuria zilioshwa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, baada ya mvua za masika kuanza. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu asubuhi na haukuondoka. Saa saba msimamizi alifungua pande zote mbili za barabara ili watu wale, magari yakawa yanapita bila kusimamishwa. Mimi nilitangulia kuvuka kwenda kibanda cha githeri, mahindi na maharagwe, kilichokuwa ng'ambo, nikaagiza sahani mbili. Chebet, aliyekuwa ameshateremka kutoka mwisho wa juu, alibaki nyuma akimalizia kupanga vibao. Alipokuja kuvuka, greda ilikuwa imeegeshwa kando ya barabara upande wake, na kutoka pale aliposimama hakuweza kuona juu. Mimi niliona. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa kibanda, mkono mmoja nimeshika sahani. Akaniita, "Nyambura! Nikuje?"

Nikatazama juu. Kwenye ukungu kulikuwa na taa mbili za manjano, hafifu, na nyuma yake kivuli cha lori. Zilikuwa zimetulia kabisa. Zilikuwa zimesimama.

"Kuja!" nikamwambia, na nikamwashiria kwa mkono. "Iko mbali."

Hakukimbia. Hilo ndilo nimeishi nalo kuliko yote. Mtu anayevuka kwa kubahatisha hukimbia. Chebet alitembea, mikono kwenye mifuko ya sweta, akinitazama mimi wala si barabara, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshamtazamia barabara. Alikuwa karibu kufika katikati, amefungua mdomo kuniambia kitu. Taa zile zikakua. Sina neno lingine, zilikua, zote mara moja, na honi ikalia, na nikaita jina lake nikiwa nimechelewa. Kitu alichotaka kuniambia sikukijua.

Lori lilikuwa limebeba mbao. Lilikwenda kusimama chini kabisa, dereva akashuka, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, akapanda mbio akitujia na katikati ya njia akakaa kwenye nyasi. Alikuwa anasema maneno yaleyale, "Niliwasha taa. Si niliwasha taa?" Watu walikuwa wameshajaa. Mmoja akasema alikuwa anaendesha kama kichaa. Mwingine akasema ameona kwa macho yake lori likiruka kutoka kwenye ukungu kama limerushwa. Wakaanza kumvuta yule mzee, kofia ikaanguka, na kama msimamizi wetu na mafundi wa greda hawangemzunguka, sijui. Polisi walipofika mmoja aliniuliza nikiwa nimekaa chini na githeri imenimwagikia, "Wewe ulikuwa unaona. Lori lilikuwa na kasi?" Nikasema ndiyo. Akauliza, kasi nyingi? Nikasema nyingi sana. Nilikuwa naamini. Kitu kilichokuwa mbali kabisa, kisha kikawa hapa kabla mtu hajavuka barabara, kingewezaje kuwa hakina kasi? Nikatia sahihi. Kuhusu mkono wangu niliopunga, hakuniuliza, nami sikusema.

Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na boma la ng'ombe. Baada ya wiki nilifunga mfuko wangu nirudi Dundori. Mama Chebet alinikuta nikiufunga. Akakaa kwenye kitanda cha Chebet, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ile, akasema, "Usiende saa hii. Kiprono amerudi shule. Ukienda nitabaki na kuku." Nikabaki. Nikaendelea na kazi na kibao changu, na jioni nikarudi kwenye jiko lile jeusi. Alikuwa anapika ugali wa watu watatu, mkono wake haukujua kupunguza. Tunakula wawili, kipande cha tatu kinabaki kwenye sinia, asubuhi anampa kuku. Hatukulizungumza. Wakati mwingine alikuwa ananishika bega akipita, bila sababu, na mimi nilikuwa naganda kama mwizi aliyeguswa na mwenye mali. Nimewahi kusikia watu wakisema upendo unaponya. Ule ulikuwa unanichoma, kwa sababu ulikuwa unapewa mtu ambaye Mama hakumjua.

Ukuta wa mbao hauzuii maneno. Jumapili moja alasiri nilikuwa nimejilaza chumbani na upande wa pili Mama alikuwa amekaa na shemeji yake, aliyekuja na habari kwamba kesi ya dereva imepangiwa tarehe huko Nakuru. Waliongea Kiswahili kwa sababu mke wa yule shemeji, waliyekuja pamoja, alikuwa Mkisii. "Yule mzee anasema alikuwa na gia ndogo, ati anateremka polepole," shemeji akasema. "Watu wa malori ni waongo." Mama akauliza kama atafungwa. "Atafungwa. Tuko na Nyambura. Huyu aliona kila kitu." Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Kisha Mama akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Aoze huko." Nikajifunika blanketi kichwani mchana kweupe.

Kuanzia wiki hiyo nilianza kuyatazama malori kwa namna nyingine. Nilisimama mwisho wa chini na kibao changu, nikatazama juu, na kila lori, liwe na mzigo au tupu, lifuate jingine au liwe peke yake, lilifanya vilevile: lilisimama, lilisimama, kisha likaruka. Hata yale niliyojua yanatambaa kwa sababu yalikuwa yametolewa na kibao cha upande wa juu sekunde chache kabla. Nikaona basi, shida ni macho yangu. Nina ugonjwa, na kwa sababu yake nimemwua rafiki yangu. Nawaambia ukweli, wazo hilo lilinipa nafuu. Ugonjwa una jina, unaweza kuandikwa kwenye karatasi na mtu akausoma. Nikaomba ruhusa ya siku moja, nikateremka Nakuru kwenye hospitali yenye kliniki ya macho.

Daktari alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sweta iliyotoboka kiwiko. Aliniuliza shida ni nini. Nikamwambia, "Sioni magari yakitembea." Hakucheka. Alinifunika jicho moja, akanionyesha herufi ukutani, nikazisoma zote mpaka mstari wa mwisho. Akafunika la pili, nikasoma tena. Akanimulika, akanitia dawa, akanitazama kwa kile chombo chake kwa muda mrefu, kisha akasukuma kiti nyuma. "Dada, macho yako ni mazuri kuliko yangu," akasema. "Huna kitu."

Nikaanza kulia. Akadhani ni dawa, kisha akaona si dawa. Akafunga mlango, na mtu wa kwanza kumwambia nilivyoinua mkono na kumwita Chebet akawa yeye, mtu nisiyejua hata jina lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akachukua faili jekundu mezani, akasema, "Kuja nje kidogo."

Kulikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi, wagonjwa wachache wamekaa. Aliniweka mwisho mmoja, akaenda mwisho wa pili, akachukua kiti cha magurudumu, akakaa, akamwomba muuguzi amsukume. Wagonjwa wakaacha mazungumzo yao. Kwanza muuguzi alimpitisha kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, akikatiza mbele yangu, naye ameinua faili kifuani. "Ukiona nimeanza kutembea, inua mkono," akaniambia kwa sauti. Nikainua papo hapo, gurudumu lilipogeuka tu. Kisha akageuza kiti kikanielekea. "Sasa nakuja kwako. Inua mkono nikianza." Nikangoja. Nikakodoa macho kwenye lile faili. Lilikuwa limetulia. Mzee mmoja kwenye benchi karibu naye akasema, "Dada, si ameanza kitambo!" na ndipo nikaona kwamba kweli, faili lilikuwa kubwa kuliko mwanzo. Nikainua mkono nikiwa nimechelewa sana.

Akaja mpaka kwangu, akasimama kutoka kwenye kiti. "Kitu kikipita mbele yako," akasema, "jicho lina mahali pa kupimia. Kinaacha mlango, kinafika dirisha. Kikikuja kwako moja kwa moja hakiendi upande wowote. Kinakua tu. Na kikiwa mbali kinakua kidogo sana, jicho haliwezi kukamata. Halafu kikikaribia, kinakua chote mara moja. Unafikiri kimeruka."

"Na malori?"

"Kitu kikubwa kinadanganya zaidi. Kinaonekana kivivu. Weka na ukungu, ambao unafuta hata ule mwendo mdogo uliokuwepo."

"Hakuna miwani?"

"Hakuna miwani ya hiyo. Hapo ndipo jicho la binadamu limeishia. Langu, lako, la hakimu. Mimi nimefundishwa hivi vitu na bado barabara inanidanganya."

Nikamwuliza lile swali nililokuwa nimelibeba kutoka Sachangwan. "Kwa hivyo si mimi?"

Alichelewa kujibu, na nimemheshimu maisha yangu yote kwa kuchelewa kwake. "Ulimwita wewe," akasema. "Hilo siwezi kukuondolea. Lakini ulimwita na macho ambayo kila mtu anayo. Yeye mwenyewe angekuwa ameona, angevuka."

"Na dereva? Alikuwa anakimbiza?"

"Sijui," akasema. Kisha akaongeza, bila ukali, "Na wewe hujui."

Nilitoka pale nikatembea mjini bila kujua naenda wapi. Nilikuwa nimeenda kutafuta ugonjwa, nikarudi na kitu kibaya zaidi. Yule mzee wa kofia ya sufu alikuwa rumande, ndani ya mji uleule, kwa sababu ya neno moja langu: kasi. Pengine alikuwa nayo. Pengine alikuwa anateremka kwa gia ndogo kama alivyosema, taa zimewashwa, na kila shahidi aliyeapa kwamba lori liliruka alikuwa ameona kile ambacho sisi sote tumeumbwa kuona. Na nyuma ya neno hilo kulikuwa na mkono ambao haukuandikwa popote.

Nilimwambia Mama kesho yake, jikoni, akiwa anachuja maziwa. Nilikuwa nimepanga maneno, nikayapoteza yote, nikabaki na moja. Nikasema, "Mama, mimi ndiye nilimwita." Aliendelea kumimina mpaka ndoo ikaisha. Akaweka kichujio chini, akajifuta mikono kwa leso, akakaa kwenye kigoda.

"Ulimwita aje?"

"Aliuliza akuje, nikasema kuja, iko mbali. Nilipunga mkono. Niliona kama imesimama, Mama. Nilikuwa naona imesimama."

"Na yeye?"

"Akakuja."

"Alikuwa anakimbia?"

"Hapana. Alikuwa anatembea tu. Alikuwa ananiangalia."

Kuni ilipasuka motoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, kwa kelele, kwa kuambiwa niondoke na mfuko wangu. Alichosema ni, "Basi hakuogopa." Akalirudia kwa Kikalenjin, si kwangu. Nilikuwa nimeishi miezi yote ile nikiteswa na hatua zake za polepole, na mama yake alikuwa ameishi miezi ileile akiwaza mtoto wake alivyoliona lile lori, alivyopiga kelele. Kisha akainuka, akachukua ndoo, akatoka kwenda kwa ng'ombe, na hakunisemesha tena.

Hakunifukuza. Wiki tatu alinipakulia chakula, akaniwekea maji ya kuoga, akaning'inizia nguo zilizoloa karibu na moto, na hakusema neno. Nikimsalimia alikuwa anaitikia kwa kichwa. Alijua nitasema nini kortini kwa sababu niliuambia mgongo wake, asubuhi moja, akiwa anafagia. Shemeji yake alikuja akanikemea uani, akaniuliza nimehongwa na nani, akasema nimekula ugali wa watu na sasa nataka kuuza damu yao. Mama alikuwa mlangoni. Hakunitetea, wala hakumuunga mkono.

Kortini nilisema nilichokuwa nacho. Kwamba niliandikisha kasi nyingi sana, lakini kasi hiyo sikuiona. Niliona lori limesimama, kisha niliona limefika. Kwamba marehemu hakuweza kuona barabara kutoka aliposimama na aliniuliza mimi. Kwamba nilimwambia avuke. Hakimu aliacha kuandika, akanitazama juu ya miwani yake. "Unajua unachosema?" Nikasema najua. Shemeji yake Mama na wengine watatu walisimama wakatoka, viti vikapiga kelele. Mama alibaki benchi la nyuma, mkoba umelala magotini, akitazama mbele.

Wiki mbili baadaye tulirudi kwa uamuzi. Dereva aliachiliwa. Alitoka nje akiwa amekonda, nguo zile zile za siku ile, na hakukuwa na mtu wa kwao aliyemngoja kwa sababu kwao ni mbali, upande wa Machakos. Kulikuwa na benchi uani, chini ya ukuta wenye jua. Akakaa pale kama mtu asiyejua wapi pa kwenda. Nilitaka kupita, akanyanyua mkono.

"Msichana wangu," akasema. "Siwezi kukushukuru. Si kitu cha kushukuru." Akasugua magoti yake. "Lakini nataka kuuliza. Mimi sikumwona. Niliona sweta tu, halafu basi. Huko ndani wanasema marehemu, marehemu. Hakuna mtu ameniambia alikuwa msichana wa aina gani."

Nikakaa kando yake. Nikamwambia jina lake lilikuwa Chebet. Nikamwambia alikuwa anashika kibao mwisho wa juu, alikuwa na gambuti za ndugu yake, alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Yule mzee alikuwa anatikisa kichwa polepole kwa kila neno, kama mtu anayepokea vitu mkononi kimoja kimoja. Nikamwambia alikuwa na miaka ishirini na miwili kama mimi.

"Ishirini na tatu," sauti ikasema nyuma yetu.

Mama Chebet alikuwa amesimama pale, mkoba mkononi, leso imemteleza begani. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Hakumtazama dereva. Alitazama ule ukuta. "Alikuwa ametimiza ishirini na tatu wiki hiyo," akasema. "Sisi hatusherehekeangi, ndiyo maana hakukuambia. Alizaliwa wakati wa kupanda, nikiwa shambani. Nilikuja naye nyumbani kwa miguu." Mzee wa Machakos alivua kofia yake. Mama akakaribia benchi, akasimama mbele yangu, na baada ya wiki tano akasema jina langu.

"Nyambura," akasema. "Songa."

Nikasonga, akakaa.